Huo Uzoefu Mnaonisifia

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumapili mchana

Mpendwa Kaka,

Habari za huko ugenini? Wifi hajambo? Mapacha wanaendelea vizuri? Na hicho kifua chako kimepona, au bado unakohoa huku ukimkwepa daktari? Mimi mzima, angalau wa kuweza kushika kalamu.

Mama hana nafuu. Tangu kile kiharusi, upande wa kulia haujarudi, na ulimi ni mzito. Akinitaka anaita "eh, eh" tu. Namgeuza, namsafisha, namlisha uji, nakimbilia cherehani, narudi kumgeuza. Jana mteja alikuja akachukua kitambaa chake hata hakijakatwa, akanisonya.

Dada alipita Ijumaa. Akasimama mlangoni, mkoba begani, chumba kizima kikanuka manukato. Nikamwomba akae na Mama wiki moja tu, nipumue.

"Aa, Kitinda, wewe ndiye mwenye uzoefu bwana, si ulimuuguza Baba? Mimi nitamuumiza."

Nawe kwenye simu ukasema hayo hayo. Jamani! Kumbe mlikaa kikao.

Basi mwalimu wa lugha, leo nikufundishe mimi. Uzoefu umetokana na kuzoea. Mzoefu ni mtu aliyezoea, kama anavyozoea kiatu kinachobana. Kwa Baba nilijifunza kumgeuza mgonjwa bila kumtonesha vidonda. Kuzoea sikuzoea ng'o. Tulipomzika nilijisemea sitayaona tena, na sasa nayaona upya, kitanda kile kile. Kama lazima mnipachike neno, niiteni mwenye tajriba. Hilo angalau lina undugu na jaribu, na mimi najaribiwa kwelikweli.

Nimechoka, Kaka. Nimekata tamaa, na silisemi hilo ili unionee huruma. Nataka uje.

Maana leo asubuhi Mama aliniita. Zamani ningeacha kila kitu nikakimbia. Leo nilijua kwa sauti tu kwamba amelowa, nikakaa nikamalizia chai yangu. Aliita, akaita, akanyamaza. Wala sikuumia.

Nisalimie Wifi, wabusu mapacha, na Shangazi ukimpigia mwambie kwamba Mama bado anamtambua kwenye picha. Mungu awafunike huko mliko, na akupe moyo wa kusafiri upesi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye nimeanza kuzoea,

Kitinda