Nilimruhusu Afande Afungue Mkoba wa Shemeji

Dada Rachael mpendwa, nisaidie kabla Ijumaa haijafika, kwa sababu siku hiyo mke wangu Nekoye anataka nitie sahihi taarifa ambayo mimi najua ni uongo. Mimi ni dereva wa teksi mtaani Kawangware. Jumamosi mchana nilimchukua shemeji yangu Marion, mdogo wake Nekoye, kule mtaa wa Soweto West pamoja na akina mama wawili wa kwaya yao, na tulipokaribia Kawangware askari wa trafiki akatusimamisha, akaangalia leseni, bima, matairi, vyote sawa, nikadhani tumemalizana, lakini akasema nifungue buti la gari. Sikuuliza anatafuta nini. Akashika mkoba wa Marion, na Marion akasema kwa sauti ya chini, "Huo ni wangu, sitaki ufunguliwe," nami kwa haraka zangu nikasema, "Fungua tu afande, hatuna la kuficha."

Dada, alimwaga kila kitu juu ya boneti. Ikatoka chupa ya dawa, akasoma maandishi yake, akasema mbele ya wote, "Kumbe ni za ukimwi," kisha akatuambia twende. Sikujua Marion anatumia hizo dawa. Nilishika usukani kama mtu aliyepigwa kofi, nikaendesha mpaka tukafika. Kufikia Jumapili kwaya nzima ilijua, na sasa Marion amejifungia kwake, simu hashiki. Nekoye aliponiuliza Jumapili hiyo nilimwambia askari alilazimisha, naye anataka niandike hivyo kwenye malalamiko anayoandaa dhidi ya askari huyo. Nikisema ukweli nitampoteza. Nifanye nini?

Ambrose

Rachael anajibu:

Ambrose, majina yenu nimeyabadilisha, maana hata hilo hukulikumbuka. Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimesimama.

Askari wa trafiki anaweza kukusimamisha akague leseni, bima na hali ya gari. Kupekua mizigo bila kibali cha mahakama ni jambo lingine: lazima awe na sababu ya maana ya kushuku kuna kitu haramu ndani, na una haki ya kumuuliza ni ipi, pamoja na jina na namba yake. Gari ni lako, lakini mkoba ulikuwa wa Marion, naye alikataa ukisikia. Ruhusa hiyo haikuwa yako kuitoa. Na hata askari angekuwa na sababu, kutangaza ugonjwa wa mtu barabarani si kazi yake.

Kumwogopa askari dakika tano naelewa, wengi wetu tuko hivyo. Kumdanganya mkeo siku nne ni jambo umeamua.

Usitie sahihi uongo. Wale mama wawili walisikia kila neno, na wakiulizwa, malalamiko ya Marion yataanguka kwa sababu yako. Andika ulivyoniandikia mimi: Marion alikataa, wewe ukakubali, askari akafungua na kutangaza. Ukweli huo bado unambana askari.

Kesho nenda kwa Marion, peke yako. Mwambie kosa lako bila kumlilia akusamehe, umuulize kama anataka malalamiko yapelekwe. Akikataa, yanaishia hapo, hata Nekoye akasirike vipi.

Lakini Nekoye mwambie leo, kabla hajakupakulia chakula. Ukishakula utanyamaza tena.