Upande wa Kulia wa Kauri

Waipukurau, 3 Juni 2019

Morven,

Farasi wetu Kauri alikuwa haoni kwa jicho la kulia, na mimi nilijua. Nilijua tangu majani yalipoanza kupukutika, miezi kabla wewe hujashuka kwenye ndege na begi lako mgongoni. Nilimchunguza mwenyewe kwa tochi ndani ya banda, nikauona ukungu umetanda juu ya mboni, nikazima tochi, na sikumwambia mtu. Hilo ndilo nililolificha.

Sasa nikusalimu, maana bibi yako angenikaripia kwa kuanza barua bila salamu. U hali gani? Nyumbani hawajambo? Mimi sijambo kwa mdomo tu. Ini limekwisha, na daktari wangu, kijana mpole kupita kiasi, ameniambia niweke mambo yangu sawa. Kondoo nimeuza. Mbwa nimempa jirani. Umebaki wewe.

Kwa nini sikumpumzisha farasi yule? Kwa sababu ya Hinewai. Unakumbuka miguu yake ilivyokakamaa na kupishana kama mkasi. Pale kituoni hatukuwa na farasi mwingine mwenye mgongo mpana wa kuifungua. Akikaa juu ya Kauri asubuhi, akishuka aliweza kusimama ameshika uzio, na mama yake Mereana alikuwa akigeuka pembeni ili asionekane analia. Mtoto wa miaka tisa, na mdomo wake ule! "We Mskoti, tembea basi! Unavuta farasi kama unapeleka maiti makaburini!" Ulicheka mpaka Kauri akasimama.

Lakini usiisome barua hii kama imekusafisha. Farasi mwenye jicho moja akishikwa vizuri huenda vizuri. Kauri alibeba watoto majira yote ya baridi na hakumwangusha hata mmoja. Mshika kamba siku ile Hinewai alipoanguka ulikuwa wewe, na kamba ililegea. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo. Ninachokiri kwako ni jicho tu.

Naomba libaki kati yetu.

Mjomba wako,
Lachlan


Kirkwall, 18 Juni 2019

Lachlan,

Mimi mzima. Watoto wazima. Upepo upo kama kawaida. Salamu zimekwisha.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilivuka dunia nzima kuja kujitolea kituoni kwako, kwa watoto wanaotibiwa kwa kupanda farasi, kuchokoa kwato na kuzoa mavi ya farasi bila kulipwa, kwa sababu nilitaka kazi ile iwe maisha yangu. Chuo cha kazi hiyo kilikuwa kimeshanipa nafasi, kikakuandikia wewe kuuliza habari zangu. Ukawajibu kwamba sina umakini panapohusika usalama wa mtoto. Leo nakanda mikate. Naamka, nakanda, naoka. Mkate ukianguka hauvunjiki nyonga, kwa hiyo wananiamini nao.

Mama alikufa akikuamini wewe. Nilimwambia, "Mama, kamba haikulegea." Akanijibu, "Kaka yangu ni daktari wa mifugo, Morven. Atadanganya ili apate nini?" Sikujua ungepata nini. Sasa nimeanza kujua.

Unaniambia nilikuwa mshika kamba. Ndiyo. Na nani alinifundisha? Wiki ya kwanza nilipogeuka kumtazama mtoto aliyekuwa juu, ulinifokea mbele ya kila mtu: "Macho mbele! Mshika kamba akigeuka, farasi naye anageuka! Mpandaji ana wasindikizaji wake!" Ukanizungusha uwanja mzima nikivuta kamba tupu, na akina mama wanakunywa chai wananitazama. Nikajifunza. Siku ile nilikuwa natazama mbele kama ulivyonifunza. Nilisikia kwato, nikamsikia Avis, msindikizaji wa kushoto, akipiga ukelele, na kamba ikapita kiganjani mwangu ikaniunguza. Kamba iliyolegea haiunguzi.

Nyuma yangu sikuona kitu. Avis naye hakuona, Kauri alikuwa mbele yake kama ukuta, na sasa Avis ni marehemu. Msindikizaji wa kulia, upande wa jicho bovu, ulikuwa wewe.

Mkono wako ulikuwa wapi?

Na hapana, halitabaki kati yetu. Namtafuta Hinewai.

Morven


Waipukurau, 1 Julai 2019

Mpwa wangu,

Salamu. Bado nipo, kama ulikuwa unatarajia vinginevyo. Baridi ni kali mwaka huu, na chakula wanachonipa hapa kwenye nyumba ya wagonjwa hata mbwa wangu angekinusa akaondoka.

Mtu anakufunulia jambo zito akiwa mlangoni pa kaburi, nawe unakimbilia kuwatafuta watu uwatangazie. Hukubadilika. Ulikuja hapa umejaa pupa, unataka kukumbatia kila mtoto na kumbusu kila farasi puani, nami ndiye niliyekuwa nikikukumbusha kwamba wale ni wanyama na hii ni kazi.

Unauliza mkono wangu. Kanuni ya msindikizaji niliiandika mimi, kabla hujazaliwa: mkono mmoja unapita juu ya paja la mpandaji na kushika sehemu ya mbele ya tandiko, na hautoki pale hata nzi akikuingia puani. Nilikuwa nimemshika. Nilisema hivyo mbele ya kamati ya kituo, Mereana amekaa kiti cha mbele na mkoba mapajani. Akauliza, "Nani amemwangusha mwanangu?" Nikamwambia kamba ililegea, farasi akayumba, nikashindwa kumzuia. Alikugeukia wewe. "We binti, nilikukabidhi mtoto. Nilikuletea keki ya siku yako ya kuzaliwa. Toka mbele ya macho yangu." Nawe ukakaa kimya. Asiye na kosa hukaa kimya?

Nitakwambia jambo jingine, kwa kuwa tumeamua kuwa wakali. Kama ningesema habari za jicho, kituo kingefungwa wiki ileile. Watoto wa wilaya nzima wangebaki nyumbani wanatazama dirisha. Upande mmoja watoto hao, upande mwingine msichana mgeni mwenye tiketi ya kurudi kwao. Wewe ungechagua nini? Sema, ewe mtakatifu.

Mjomba wako,
Lachlan


Kirkwall, 16 Julai 2019

Lachlan,

Mzima. Wewe najua huna uzima, sitakuuliza.

Nilikaa kimya kwa sababu uliniuliza mbele ya watu wote, "Morven, uliona nini nyuma yako?" Ulijua jibu kabla hujauliza. Ningesema nini? Nilisema "Sikuona," ukumbi ukaguna, basi.

Kuhusu kuchagua: hukuchagua kati yangu na watoto. Kauri uliendelea kumpandisha watoto hata baada ya mimi kuondoka. Avis aliniandikia. Usinitajie watoto tena.

Nimempata Hinewai. Yuko Hastings, anafanya kazi maktaba, anatumia kiti cha magurudumu. Nilipojitaja kwenye simu nilidhani atakata. Akasema, "Aa, Mskoti! Bado unapeleka maiti?" Nikaanza kulia. Akaningoja nimalize kulia, kisha akacheka, "Haya, dada, simu unalipia wewe, lia tu."

Nikamweleza habari ya jicho. Hakushtuka. Akasema, na ninakuandikia kama alivyosema: "Jicho mimi silijui. Lakini mimi ndiye niliyekuwa juu, nilikuwa naona kila kitu. Nilisema hospitalini, wakasema ni dawa za maumivu zinaongea. Mama akaniambia nisimsingizie Daktari, Daktari amefanya mengi kwa ajili yetu. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, ningefanyaje?"

Nikamuuliza, "Uliona nini?"

"Sikwambii. Nikikwambia mimi, itakuwa ni mimi tena nimesema. Mwambie mzee aseme mwenyewe. Mama bado yu hai, na mpaka leo anaamini nilimsingizia. Mzee akifa kimya, nitabaki msingiziaji."

Basi umesikia. Mimi nilikuwa nataka jina langu lisafishwe, na bado nalitaka. Lakini anayekungoja kwa kweli ni yeye. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii. Kalamu unayo. Na ulimi wa kunitukania ulikuwa nao wiki mbili zilizopita, kwa hiyo nguvu zipo.

Morven


Kirkwall, 30 Agosti 2019

Lachlan,

Sikusalimu.

Nimepiga simu hapo ulipo. Muuguzi ameniambia uko hai, unakunywa supu na unagombana na kila anayekuja kukugeuza kitandani. Akasema, "Ni mzee mwenye maneno huyo!" Nikamwambia namjua, na kwamba nasubiri maneno yake machache tu.

Hinewai ananiuliza, "Vipi, mzee kashasema?" Namwambia bado. Safari ya mwisho hakutania, alisema "Sawa" na kukata simu. Mtoto yule hajawahi kusema "sawa" kwa kitu chochote.

Sikuombei kufa wala kupona. Andika.

Morven


Waipukurau, 14 Septemba 2019

Hinewai na Morven,

Nawasalimu wote wawili kwa maneno yaleyale. Barua hii nimeiandika mara mbili, nakala moja kwa kila mmoja, ili asiwepo wa kumhadithia mwenzake. Hinewai, msalimu mama yako, na umsomee. Hali yangu haina haja ya kuelezwa. Mwandiko unaeleza.

Nilikaa kimya kwa hasira. Nilikuwa nimepanga kufa nimekasirika. Mtu aliyekasirika hana haja ya kufikiri, nami nimeishi hivyo muda mrefu, kila ninapolisikia jina la Morven nalitafutia kosa jipya.

Siku ile ilikuwa siku ya wageni, wamejipanga kwenye uzio na kofia zao za jua. Morven mbele na kamba, Avis kushoto, mimi kulia. Kwa kuwa Kauri hakuniona, alinijua kwa vitu viwili: mkono na sauti. Ndiyo maana upande ule sikumwachia mtu mwingine tangu jicho lilipokufa. Kila hatua nilikuwa nikimnong'oneza, mkono wa kulia begani kwake, wa kushoto juu ya paja la Hinewai. Watu walisema, tazama Daktari anavyompenda farasi wake. Nilikuwa namficha kipofu mchana kweupe.

Tulipofika mbele ya wageni mtu akaita, "Daktari! Hebu tazama huku!" Alikuwa mpiga picha wa gazeti. Nikaacha kunong'ona. Nikaondoa mkono begani kwa Kauri nikavua kofia. Nikaondoa na mkono juu ya paja la mtoto, nikapunga. Nikatabasamu. Kisha nikarudisha mkono kwa farasi bila kutamka neno. Kwake yeye pale hapakuwa na mtu. Kitu kilimgusa kutoka gizani, akaruka mbele, kushoto.

Kamba haikulegea, Morven. Uliishikilia mpaka ikakuchuna. Nalijua hilo kwa sababu jioni ile nilikiosha kiganja chako mwenyewe, nikakipaka dawa na kukifunga kitambaa. Ulikuwa unaniuliza, "Mjomba, nilikosea wapi?" Nikakwambia utajua mbele ya kamati.

Hinewai, ulisema kweli hospitalini. Nilikuwa nimesimama mlangoni uliposema. Mama yako alinigeukia, anataka kunisoma usoni, nami nikatikisa kichwa polepole, kama daktari anayemhurumia mgonjwa. Akaniamini. Akakufunika shuka akakwambia ulale. Kauri nilimtumia mwaka mwingine mzima, kwa sababu kumwondoa kungewafanya watu waulize. Na kwa chuo cha Morven niliandika nilichoandika ili asirudi kamwe kwenye kazi ambamo siku moja angekutana na farasi kama yule akaelewa.

Nimeisoma tena barua hii mpaka hapa. Ningeweza kuitia sahihi sasa, mngeniona mzee mpenda sifa aliyesahau mkono wake, na hilo pengine mngelisamehe. Lakini Hinewai alikuwa juu, na anajua kwamba halijaisha.

Ulianguka upande wangu. Ulipokuwa ukianguka ulinyoosha mkono ukakamata koti langu kifuani, ukaning'inia. Vidole vyako, ambavyo mama yako alikuwa akivinyoosha kila asubuhi kwa mafuta ya moto, vilishika barabara. Uliniita, "Daktari." Kauri alikuwa amegeuka na kwato zilikuwa zinakuja kwetu. Kama ningesimama imara, ungeniangukia mimi, na kwato zingenipata mimi. Nilikuwa na muda wa kuliona hilo. Nikarudi nyuma, hukuachia. Nikakusukuma.

Lachlan