Pont ya nyuma ya jeep ya Marcellin

Eulalie, uko? Jibu! Leo nimeona haya mbele ya garage muzima ya Kasha.

Fundi Didier alivuta kamba kutoka mupira ya mbele mpaka ya nyuma, akaniambia: «Maman, pont ya nyuma, hii chuma yenye inashikilia mipira, imepinda. Tangu zamani.»

Nikamupigia makelele! Nikasema ni yeye ameipindisha, juu anaona niko mujane.

Akasema pole pole: «Papa Marcellin alijua. Nilimuonya mara tatu. Alisema, wacha tu, bibi yangu ameshaizoea.»

Ameshaizoea!! Bwana yangu mwenyewe!

Unakumbuka venye alinifundisha kuendesha mu ile jeep? «Vuta volant kidogo kushoto, barabara njo mubaya.» Miaka kumi navuta ile usukani kushoto. Kumbe barabara haikuwa na kosa.

Nikamwambia ainyooshe. Didier akaipiga moto, akaigonga mpaka ikanyooka. Nikatoka. Jeep ikaenda sawa, mikono yangu ikavuta kushoto. Moja kwa moja mu mufereji! Bamaman benye kuuzisha nyanya bakacheka: «Huyu hajui kuendesha!»

Didier na batu yake banasukuma, mimi niko ndani nalia. Haiko juu ya mufereji njo nalia.

Eulalie, manguo yake tuligawa. Simu yake, ndugu zake balibeba. Ile kuvuta kushoto njo kitu ya Marcellin yenye ilinibakilia, na leo mimi mwenyewe nimeomba fundi aiondoe.