Mtutu Mpya wa Arvo

Jumatatu, 22 Septemba 1986
Arvo ametangaza mezani kwamba bunduki imezeeka. Bunduki! Mtutu umelika, anasema, ndiyo maana mwaka jana hakupata kulungu. Alisema hayo huku akimimina kahawa pembeni ya kikombe. Nikafuta meza. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Hakutaja kisiki. Mwaka jana, siku ya kwanza ya msimu, alipiga kisiki akidhani ni kulungu, na Reino mdogo wake alikuwa amekaa nyuma ya kisiki hicho anakula mkate. Wenyewe wanacheka mpaka leo. Mimi sicheki.

Alhamisi, 2 Oktoba
Tumeipeleka kwa Kauppila, fundi wa bunduki, nyuma ya kituo cha mafuta. Nimeendesha mimi. Siku hizi naendesha mimi, eti goti lake linauma. Kauppila kamulika tochi ndani ya mtutu, kachungulia, kaguna.

"Mzee, michirizi ya ndani inayoongoza risasi yote imekwisha. Hata ningekuwa risasi ningepotea njia."

Kumbe kweli! Arvo kanigeukia: "Umesikia, mama?" Nimesikia. Uso ulimng'aa, na mimi nilifurahi, sifichi. Mbaazi nauomba radhi. Labda ni mtutu tu. Labda.

Mtutu mpya unaagizwa mbali. Kitako kinabaki kilekile cha marehemu baba yake, hicho hakiguswi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Theluji ya kwanza. Haikushika. Arvo kamsalimia mtu barabarani — kumbe nguzo ya sanduku la posta.

Jumamosi, 8 Novemba
Bunduki imerudi. Mtutu mweusi ti kwenye kitako kikuukuu, kama meno ya bandia kwa mzee. Arvo kadai na mtutu wa zamani. Wa nini? "Utashikilia nyanya zako." Haya.

Tukaenda na Kauppila kwenye machimbo ya kokoto kuijaribu. Yeye kapiga tatu kwenye karatasi ya shabaha, matundu yakagusana. Zamu ya Arvo. Karatasi haikuguswa. Kapiga tena — vumbi likaruka kando kabisa! Akasema darubini ya kulengea imefungwa upande. Kauppila akaikagua darubini, halafu akabaki anatazama viatu vyake.

"Hebu jaribu wewe, shangazi," akaniambia.

Sijashika bunduki tangu niolewe. Nikapiga. Katikati, jirani na matundu ya fundi.

"Bahati tu hiyo," kasema Arvo. Nikakubali, bahati.

Jumatano, 12 Novemba
Nimemwambia. Arvo, ni macho. Nikataja daktari. Akajibu kwamba macho hayohayo ndiyo yaliyonichagua mimi kati ya wasichana wote wa ukumbi wa dansi. Nikamwambia ukumbi ule ulikuwa na taa hafifu. Akacheka. Halafu akakasirika, akaenda kukoka moto wa sauna, bafu letu la mvuke.

Reino kapiga simu. Atakaa palepale kwenye kisiki chake, ati kina bahati! Nimemsihi abadili mahali. Kanijibu, "Shemeji, kaka ana mtutu mpya, wasiwasi wa nini?" Hapo ndipo niliogopa kweli.

Jumamosi, 15 Novemba
Siku yenyewe, msimu unafunguliwa. Bado giza.

Jana Arvo akiwa sauna niliichomoa bolti ya bunduki. Bila chuma hicho risasi haitoki, bunduki inakuwa fimbo. Iko mfukoni mwa aproni, inanigonga paja kila nikitembea. Nimejiandaa kwa ugomvi. Maneno ninayo, nimeyapanga.

Sasa hivi kaishusha bunduki ukutani. Mkono ukapita pale bolti inapokaa, ukarudi, ukatulia hapo. Vidole vyake havina ugonjwa wowote. Nikangoja. Akaitia kwenye mkoba wake, akafunga zipu.

"Baridi kali leo, mama," kasema, hanitazami. "Jaza kahawa chupa kubwa."

Chupa ndogo ndiyo yake ya mawindo, miaka yote. Kubwa ni ya watu wawili.

Kahawa imejaa. Maneno yangu yote yamenitoka. Yuko nje garini, kakaa upande wa abiria, anainama kupiga honi. Leseni ya kuwinda sina. Soksi za sufu sijui ziko wapi. Anapiga tena! Naja, jamani — hata aproni sijavua