Kwa Tonton, Kuhusu Mbegu Nilizozianika

Tonton, mjomba wangu mpendwa,

Nakusihi, soma peke yako, na usimwambie mtu neno hata moja, hasa Mama. Akijua, atapanda mtumbwi wa kwanza kutoka Yanonge aje kunizuia.

Unakumbuka wiki yangu ya kwanza ghalani, hapa Kisangani? Ulichukua mbegu ya mti wa mpira, ukaitikisa karibu na sikio langu. "Ile yenye kulia, ilikufa. Ile yenye kunyamaza, iko muzima." Nikasema sisikii tofauti. Ukacheka: "Karani, kichwa yako ilienda masomo, masikio ilibakia nyumbani." Kisha ukanionyesha namna zinavyosafirishwa: upesi, bila kuona jua, zimelazwa katika unga wa makaa wenye unyevu, ndani ya kasha lenye matundu ili zipumue.

Halafu ukaenda kumzika mama mkwe wako. Makasha yalikuwa tayari, meli imechelewa. Niliona maji yanavuja kutoka kwenye makasha, wino wa vibandiko vyangu umechuruzika, na mbegu mbili tatu zimeota ukungu. Niliogopa Bwana mwenye ghala angesema kazi yangu ni chafu. Mama huanika mahindi ya mbegu mpaka yakauke; nami nikazitandaza barazani juani kutwa nzima. Nikazifunga upya katika makaa makavu, nikaandika vibandiko vipya kwa mwandiko safi. Penye jina la mfungaji niliandika lako.

Huko zilikopelekwa, haikuota hata moja. Kasha moja liliporudishwa, Bwana alikuita. Ulitikisa mbegu, ukasikiliza, ukanitazama. Nilikuwa nimeshika kalamu, nangoja unitaje.

"Bon," ukasema. "Ni mimi nilizifunga, Bwana."

Barua ya kukufukuza niliiandika mimi.

Tangu hapo, tunda la mpira likipasuka kwa joto nje ya dirisha, naruka kitini. Natikisa mbegu mpya zilizookotwa asubuhi, na zote nazisikia zikilia.

Leo nimeweka juu ya meza ya Bwana karatasi inayosema yote, nimetia sahihi. Yuko safarini, anarudi kesho.

Ukitaka kunijibu, usitumie posta, barua zetu hufunguliwa. Mpe yule mama wa Isangi aliyekuletea hii, anayeuza chikwange, mikate ya muhogo, bandarini. Ukija mwenyewe, usipite ofisini. Njoo nyumbani kwangu, nyuma ya misheni. Ukikuta mlango umefungwa, nenda gerezani, umwambie mlinzi umekuja kumwona mtoto wa dada yako, kama bado utakubali kusema hivyo.

Mpwa wako