Baba, Poka Si Sataranji

Merti, Isiolo
Msimu wa mvua

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta goti limetulia na Mama ameacha kukohoa. Mimi mwili ni mzima. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mtandao umepotea tangu mvua ianze, na Guyo, dereva wa gari letu la wagonjwa, anaenda Isiolo mjini kesho. Ataiposti huko.

Katika ujumbe wako wa mwisho uliniuliza, kwa ukali kidogo, inakuwaje binti uliyemfundisha sataranji ashuke hadi kwenye karata. Ukasema poka ni bahati tu, haina akili. Baba, hapa sijapata mtu anayejua sataranji. Jioni nilikuwa nikipanga ule ubao wako na kucheza pande zote mbili mwenyewe, na upweke ulizidi, maana mpinzani wangu hakuwa na siri yoyote. Kirimi, tabibu mwenzangu kutoka Meru, ndiye aliyenifundisha poka. Tulichezea maharagwe, mlango umefungwa, tusiwakwaze majirani ambao dini yao imekataza karata.

Mwanzoni nilishindwa vibaya. Kwenye sataranji kete zote ziko wazi, na anayeona mbali zaidi ndiye mshindi. Kwenye poka nusu ya mambo yamefichwa mikononi mwa wengine. Unapima uwezekano, unausoma uso wa mwenzako na kuulinda wako, unajua lini kuacha, kisha unaamua kabla hujajua. Kirimi alikuwa akinicheka kwamba nangoja uhakika. Alisema uhakika huja mchezo ukishakwisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani.

Wiki kadhaa zilizopita Kirimi alienda mkutano mjini, nikabaki peke yangu kwenye zahanati. Asubuhi akaletwa mama kijana, Halima, uchungu umemshika tangu jana yake na mtoto amelala mkingamo tumboni. Alihitaji upasuaji, na upasuaji uko Isiolo. Simu haikushika. Njia zilikuwa mbili. Ya mkato inavuka laga, yale makorongo ambayo karibu mwaka mzima huwa mchanga mtupu. Ya kuzunguka ina udongo mweusi unaomeza magurudumu mvua ikinyesha. Wingu zito lilikuwa limesimama upande wa njia ya kuzunguka. Upande wa mkato mbingu zilikuwa safi.

Guyo aliwasha gari, akanitazama. "Sista, mimi nitaendesha popote. Wewe sema tu."

Nikasema mkato.

Kwenye laga kubwa tulikuta maji ya rangi ya chai yakivuma kutoka ukingo hadi ukingo. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, milimani, tusikoona. Guyo alisema tukigeuza jua litazama tukiwa bado njiani, na maji ya laga huja kwa kasi na kwenda kwa kasi. Tukangoja. Nilikaa nyuma na Halima, mama mkwe wake akiomba dua kwa sauti ya chini, nami nikisikiliza moyo wa mtoto kwa kile chombo chetu cha kusikilizia. Ulipiga, ukapiga polepole, mwishowe nikawa nasikia moyo wangu mwenyewe. Sikubadilisha uso. Halima alikuwa ananitazama, na niliogopa akikata tamaa tutampoteza na yeye.

Maji yalipungua alasiri. Hospitalini walimwokoa Halima. Mtoto, wa kiume, alikuwa ameshakwenda.

Baadaye tukasikia kwamba lile wingu halikunyesha. Njia ya kuzunguka ilikuwa kavu siku nzima.

Nimeirudia safari ile kichwani, Baba, kama tulivyokuwa tukirudia mchezo tukitafuta kete iliyotuponza. Kirimi aliporudi nilimwambia nimekosea.

"Hata mimi ningepita mkato," akasema. "Ulicheza vizuri, Nyambura. Na ukashindwa."

Nililia. Ulinifundisha kwamba ukishindwa, mahali fulani umekosea, na kwenye sataranji ni kweli. Hayo ya Kirimi sikuwahi kuyasikia nyumbani kwetu, na bado sijui kama nayaamini.

Kirimi mwenyewe amepata uhamisho. Siku aliyoondoka tuliyapika yale maharagwe, tukayala. Tangu hapo jioni nafunga zahanati, nakoroga uji, nalala mapema. Wakati mwingine naongea peke yangu kwa Kikuyu, nisikie tu kinavyolia.

Jana Halima alikuja na kibuyu cha maziwa. Akaketi kwenye benchi akiningoja mpaka wagonjwa wakaisha. Alipoinuka aliniuliza, "Sista, pale kwenye laga, ulijua mtoto amekufa?"

Nikasema ndiyo.

"Hata mimi nilijua," akasema. "Nilikuwa sitaki wewe ujue."

Nisalimie Mama, na umwambie nakula vizuri. Msalimie kaka aliyebaki na shamba na mkewe, mdogo wetu anayejiandaa kwa mtihani, na shangazi wa dukani. Nawe uniandikie, Baba, hata kama ni habari ya ng'ombe na matope ya hapo mlangoni.

Ni mimi binti yako, ninayekukumbuka sana,

Nyambura