Maziwa ya Nasteho

Tarbaj, Machi 1998

Walaal Ayanle,

Salaam aleikum. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu anayekuletea barua hii ni kaka yake mke mwenzangu Idil, naye hakijui. Mbuzi wamezaa, alhamdulillahi. Ila binti yangu Nasteho hutapika kila akinywa maziwa.

Idil ndiye anayefukiza vibuyu vyetu vya maziwa kwa moshi wa vijiti vinavyowaka. Vijiti vya kibuyu chake huvibambua magome. Vya Nasteho huviacha na kuvu yake ya kijivu. Daktari wa mifugo alituambia sote kwamba kuvu hiyo hutengeneza sumu.

Leo asubuhi nilimmiminia Idil maziwa ya kibuyu cha Nasteho. Alinusa kikombe, akaniangalia, akayamwaga mchangani.

Njoo utuchukue.

Dada yako,
Weris